Krimu ya Kutu na Kikombe cha Bati

Shemeji yangu, mume wa dada yangu, alifanya kazi miaka thelathini na mmoja katika chumba kisicho na dirisha, na kazi yenyewe ilikuwa ya jua. Alikuwa mnakili wa ramani katika ofisi ya ujenzi, enzi zile ramani ya jengo ilipokuwa ikinakiliwa kwa mwanga. Mchoraji akishachora kwa wino kwenye karatasi angavu, shemeji aliichukua, akailaza juu ya karatasi nyingine aliyoipaka dawa yeye mwenyewe gizani, akazibana zote mbili chini ya kioo na kuzitoa uani zikaanikwa. Palipopita jua, dawa iligeuka. Palipozibwa na mstari wa wino, haikugeuka. Ukiosha kwa maji, ramani inajitokeza, mistari myeupe juu ya bluu iliyokolea. Dawa ile ilimwingia kwenye kucha na haikutoka mpaka alipostaafu. Ndiyo maana mtaa mzima tunamwita Bluu, hata mkewe anapokuwa amekasirika.

Muda wa kuanika haukupimwa kwa saa. Saa ya ofisi ilikuwa chumbani kwa mkubwa, na mkubwa hakupenda kusumbuliwa. Ulipimwa kwa chai. Jua likiwa kali, kikombe kimoja cha bati, chai ya moto, unywaji wa mtu asiye na deni wala shari. Kukiwa na mawingu, vikombe viwili. Mvua ikinyesha, kila mtu anazungumza habari za mpira. Nusu ya majengo ya mji huu yamesimama kwa vipimo vya chai ya Bluu, na hayajaanguka. Haya mapya, yaliyochorwa na kompyuta na kuchapwa na mashine inayojitemea karatasi yenyewe, yanavuja kabla rangi haijakauka. Lakini nani anamuuliza mzee?

Mashine hiyo ilipokuja, Bluu alipewa barua ya shukrani na kalenda. Alirudi nyumbani na vitu vitatu alivyoomba: kioo cha kubania, chupa mbili za kahawia zenye mabaki ya dawa, na kikombe chake cha bati. Kioo akakiweka chini ya kitanda. Chupa akazifunga ndani ya soksi nzito na kuzitia kwenye sanduku. Kikombe dada yangu alikipa kazi nyingine, na hakuna aliyemuuliza ni ipi.

Wana binti mmoja, na huyo ni mpima ardhi. Baba alitumia jua akiwa kivulini. Binti analitumia akiwa ndani yake. Anashinda barabarani na mitambo ya miguu mitatu, fulana yake ya rangi ya chungwa inang'aa kama taa ya breki, tangu asubuhi mpaka vivuli virefuke. Kazi anaipenda kupita kiasi. Ukimuuliza habari za nyumbani atakujibu kwa sentensi moja. Ukimuuliza habari za mteremko wa barabara, tafuta kiti.

Mwaka jana madoa yalianza kumtoka mashavuni, meusi kuliko ngozi yake, mapana kama kisahani cha chai kilichomwagikiwa. Alisema ni vumbi. Dada yangu akasema, "Vumbi gani linaoshwa likakataa kutoka?" Binti akaenda kwa daktari wa ngozi, naye akasema madoa yale yanalishwa na jua. Ama alikinge jua sawasawa kila siku, ama aondoke juani, la sivyo yataenea mpaka kipajini. Wakati huohuo ofisi yake ikamwandikia: kuna kikosi kinakwenda kupima barabara mpya, miezi mitatu nje, na kuna kiti kimetokea ndani, mezani, mbele ya kompyuta. Achague. Jibu lifike Jumatatu asubuhi.

Mimi niliitwa Jumamosi. Huwa naitwa panapokuwa na kitu cha kusoma, kwa sababu nilikuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji. Shule niliiacha darasa la sita, lakini nimesahihisha vitabu vya udaktari, vya ufugaji wa kuku na vya sheria za mirathi, na kitu kikishapita machoni mwa msahihishaji hakipotei chote. Nilikwenda na kamusi yangu ya kemia, niliyoiokota kiwandani siku walipokuwa wakitupa vitabu ili kupata nafasi ya meza ya kuchezea pool.

Juu ya meza ya chakula palikuwa na krimu mbili. Ya kwanza ilikuwa kopo zuri jeupe lenye picha ya maua, umande na shavu la mwanamke asiyewahi kusimama barabarani. Mbele imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba inalainisha uso na kuukinga na jua, na namba hamsini imewekwa kama medali. Binti alikuwa ameitumia miezi miwili, na madoa yalizidi. Ya pili ilikuwa mrija wa kijivu, hauna picha, namba yake ndogo pembeni, unafanana na dawa ya kubandikia viatu. Hiyo aliinunua juzi, baada ya daktari kumwandikia kwenye kikaratasi atafute krimu yenye zinki au titani, na iwe na rangi ya chuma ndani yake.

"Shemeji, kaa," Bluu akasema. Alikuwa amevaa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine. "Hawa watu wanaandika kwa herufi za sisimizi. Wanaona aibu ya nini?"

"Aibu ya kusomwa," nikamjibu. Nilitoa lenzi yangu.

Tulianza na maua. Niliwaeleza jambo nililolijua tangu kiwandani, maana tulichapa lebo nyingi: viambato huandikwa kwa wingi wake, kilicho kingi kwanza, kilicho kidogo mwisho. Cha kwanza kilikuwa maji. Cha pili gliserini, ambayo huvuta unyevu na haina ubaya. Kisha mafuta, kisha nta, kisha kitu cha kuzuia krimu isigandiane, kisha manukato. Maua yote saba ya kwenye picha yalikuja baada ya manukato, mkiani kabisa, pamoja na rangi.

"Yaani nimepakwa harufu ya ua," binti akasema.

"Umepakwa jirani wa ua," dada yangu akamsahihisha kutoka jikoni.

"Na ngao ya jua iko wapi?" nikauliza. Nilipita orodha mara mbili. Zinki hapana. Titani hapana. Hakuna hata jina moja ambalo daktari aliliandika. Namba hamsini ilikuwa mbele. Nyuma hapakuwa na mtu wa kuibeba.

Bluu hakukubali. "Labda wanaficha siri ya kiwanda. Na wewe binti yangu unapaka kidogo, kama mtu anayeonja chumvi. Hebu leta huo mrija."

Kwenye mrija mambo yalikuwa mengine. Maji, kisha oksidi ya zinki, ya pili kabisa, imekaa mbele kama bibi harusi. Mbele kidogo oksidi ya titani. Nilifungua kamusi ili nione ni vitu gani. Kamusi yangu imeliwa na mende kuanzia herufi T mpaka mwisho. Titani na zinki zote zilikwenda tumboni mwao.

"Mende wako wana elimu kuliko sisi," Bluu akasema.

Lakini karibu na mwisho palikuwa na oksidi za chuma, na chuma mende hawakukigusa. Nikasoma kwa sauti: oksidi ya chuma, huonekana kwa rangi nyekundu, njano au nyeusi, aina moja yake ni kutu.

Nilipaswa kunyamaza. Msahihishaji mzuri hujua sentensi ya kuifuta. Bluu alivua miwani yote miwili.

"Kutu?"

"Baba, ni rangi tu ya kufanana na ngozi. Daktari amesema ndiyo inayosaidia madoa."

"Nimeona kutu ikila nguzo ya daraja, nzito kuliko nyumba hii. Wewe unaniletea uipake usoni? Huyu daktari ana umri gani?"

"Baba!"

"Nimeuliza umri tu."

Walibishana mpaka chai ikapoa. Binti alisema kuwa nguzo ni nguzo na shavu ni shavu. Baba alisema kwamba vyote viwili huachwa nje juani, ndiyo hoja yake. Dada yangu alitoka jikoni akaegemea mlango na kuwasikiliza kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Mwishowe Bluu akasimama. "Maneno ya kwenye kopo ni maneno. Ya daktari ni maneno. Karatasi haidanganyi. Kesho nitaliuliza jua lenyewe."

Jumapili asubuhi sanduku lilifunguliwa na soksi ikatolewa. Dawa iliyobaki kwenye zile chupa, unga wa kijani katika moja na chembe nyekundu katika nyingine, ilitosha karatasi mbili tu. Alikuwa ameitunza miaka kumi na minne bila kusema anaitunzia nini. Alijifungia chooni, pale pasipo mwanga, akachanganya na kupaka karatasi ya kwanza kwa brashi, kisha akaikausha ndani ya kabati la nguo. Gauni la dada yangu la kwendea mazishini lilipata doa la kijani begani ambalo baadaye liligeuka bluu, na hilo litazungumzwa mpaka kiyama.

Juu ya kioo aligawa sehemu tatu kwa utepe wa gundi. Ya kwanza aliiacha tupu. Ya pili alipaka krimu ya maua. Ya tatu alipaka ya mrija, kwa kidole, huku uso ameukunja. Akaweka kioo juu ya karatasi, akakitoa uani, akakaa kwenye kigoda na kunywa chai yake kama zamani. Jua lilikuwa kali, kikombe kimoja. Nakiri nilifurahi kumwona. Mgongo wake ulikuwa umenyooka. Alipiga funda, akatazama juu, akapiga funda, kama mtu aliye kazini.

Alipomaliza aliiosha karatasi kwenye beseni. Sote tuliinama. Rangi ya bluu ilijitokeza sehemu ya kwanza, ikajitokeza ya pili, ikajitokeza ya tatu. Sehemu zote tatu zilikuwa bluu. Ile ya mrija ilikuwa imepungua kidogo tu, tofauti ya kubishaniwa.

Bluu hakushangilia. Alitikisa maji mikononi, akasema polepole, "Zote uongo. Hakuna kopo linalozuia jua. Chukua kiti cha ndani, mwanangu."

Nilitegemea binti atabisha. Hakubisha. Amekulia katika nyumba ambamo karatasi ya bluu ilikuwa neno la mwisho; mtoto wa nyumba hiyo hawezi kulicheka. Aliitazama ile karatasi ikidondosha maji, akaingia ndani, akaketi mezani na kuandika barua. Aliandika kwa mkono, kwa zile herufi zilizosimama za wapimaji. Alipomaliza aliiweka kwenye bahasha lakini hakuilamba. Alikaa nayo tu, akiipigapiga kingo kwenye meza.

"Miezi mitatu si mingi," nikamwambia, kwa upumbavu.

"Mjomba, si miezi mitatu. Ukishakalia kile kiti, hawakutoi tena. Watasema, huyu ana ngozi." Alijaribu kucheka. "Nitakuwa napima barabara kwa kutazama picha zake."

Kutoka uani ikaja sauti ya dada yangu, anaokota vyombo.

"Nani kaniachia hili lijagi nje?"

"Kikombe changu," Bluu akajibu.

"Kikombe? Hiki ni kisima chenye mkono. Mwanao alikuletea alipotoka mafunzoni, nikakwambia hiki ni cha kuogeshea mtoto. Umekunywa chai yote hii?"

"Nimemaliza."

"Ndiyo maana sukari inaisha." Halafu akaacha vyombo chini. Alikuja mlangoni na lile jagi mkononi. "Wewe bwana. Ulikuwa unapima kwa hiki?"

"Kikombe kimoja," Bluu akasema. "Jua kali, kikombe kimoja. Miaka thelathini..." Akaliangalia jagi. Mkewe akaligeuza lile jagi juu chini, taratibu, kama wakili anayeonyesha kisu mahakamani.

"Kile cha ofisini kilikuwa hivi," akasema, akaonyesha kwa vidole. "Hiki kinaingia vile vitatu na cha nne kinapiga hodi. Umeichoma karatasi ya watu. Hata bati la nyumba lingepenywa na jua kwa muda huo!"

Sijawahi kumwona shemeji akipauka, lakini siku hiyo alijaribu. Mtu aliyenakili mji mzima bila kukosea alikuwa ameunguza karatasi moja kabla ya mwisho, kwa sababu ya zawadi ya mwanawe.

"Cha bati kiko wapi?" akauliza.

Dada yangu akasita. Akaingia chumbani, akarudi na kikombe cha bati kimejaa vifungo vya mashati, pini mbili na jino la kwanza la binti lililong'oka. Alivimwaga vyote kwenye sahani, akakipangusa kwa upindo wa nguo, akampa. Kwa dada yangu huo ni msamaha mkubwa.

Dawa ya karatasi ya pili na ya mwisho ikachanganywa. Safari hii binti aliingia naye chooni kumshikia chupa, mlango ukaachwa na ufa mwembamba ili asome mizani. Nilikuwa nje ya mlango, kwa hiyo niliyasikia.

"Baba, hii chupa ya kijani umewahi kuisoma?"

"Nisome nini? Naijua kama mkono wangu."

"Imeandikwa hapa. Kiambato cha kwanza, chuma."

Nikasikia brashi ikisimama.

"Na hii nyekundu. Nayo ina chuma. Baba, ile bluu yako yote ni chuma. Miaka thelathini na mmoja ulikuwa na chuma kwenye kucha, unaninyoosha nywele nacho, unanifuta pua nacho."

"Shika chupa sawasawa," Bluu akasema.

"Nimeshika. Nasema tu, sijaota kutu."

"Ulikuwa unapiga kelele sana. Kutu haishiki penye kelele."

Nikasikia wote wawili wanacheka, ndani ya choo, gizani, na dada yangu akaniuliza kuna nini huko, nikamwambia wanasoma.

Karatasi ilipokauka ilikwenda uani. Sehemu tatu zilezile: tupu, maua, mrija. Dada yangu alipika chai upya na kuimimina kwenye kikombe cha bati mpaka ukingoni. Bluu alikunywa. Hakupiga funda kubwa hata moja, wala dogo kupita kawaida. Binti alisimama nyuma yake na ile bahasha isiyolambwa, hatazami karatasi, anatazama koo la baba yake likipanda na kushuka. Funda la mwisho lilipoingia, Bluu aligeuza kikombe, likadondoka tone moja, akainuka.

Beseni. Maji. Sehemu tupu iligeuka bluu ya usiku. Sehemu ya maua ilifuata. Labda ilikuwa na haya kidogo, lakini ilikuwa bluu, na shavu la mwanamke wa kwenye kopo halingenusurika chini yake. Sehemu ya tatu maji yaliiosha, yakaiosha tena, na ikabaki nyeupe. Ilikuwa na kingo za bluu pale kidole cha Bluu kilipopaka kwa kuchukia. Katikati ilikuwa nyeupe kama jino lililokuwa kwenye sahani ya vifungo.

"Karatasi si ngozi," binti akasema, taratibu. Ni mtu wa vipimo, hawezi kujizuia. "Haituambii namba ya kwenye mrija ni kweli au si kweli. Na itabidi nirudie kupaka. Daktari amesema kila saa mbili, na kofia juu."

"Lakini imezuia," baba yake akasema.

"Imezuia, Baba."

"Kwa kutu."

"Kwa zinki zaidi. Kutu inasaidia."

Bluu aliiinua karatasi ikidondosha maji kwenye miguu yake, akaiangalia mbali na karibu. "Basi paka," akasema. "Na upake vizuri, si kama mimi. Hapa kingoni nilifanya ujinga." Ndiyo kauli pekee ya kukiri kosa niliyowahi kumsikia akiitoa, na aliitoa akiwa ameigeukia karatasi.

Binti aliichana barua na kuandika nyingine, fupi zaidi. Kopo la maua dada yangu alilichukua, akasema maji na gliserini havina kosa, atapaka visigino. Karatasi ya mwisho ilikauka kwenye kamba. Pembeni, chini kulia, mahali pa mnakili kuweka alama yake, Bluu aliandika tarehe, na chini ya tarehe akaandika: kikombe kimoja, jua kali. Haitanakiliwa tena, dawa imekwisha, na aliyejua kuichanganya ana miaka sabini na mitatu na anasahau ukubwa wa vikombe.

Kikosi kiliondoka Alhamisi. Binti alitokea sebuleni amejipaka, uso umefunikwa na rangi ya udongo wa chungu, shingo amesahau. Baba yake alimsimamisha mlangoni, akamgeuza kwenye mwanga kushoto na kulia kama alivyokuwa akikagua ramani, akamrudisha ndani akapake shingo. Aliporudi, baba alimtia kitu mkononi.

"Saa ya simu itazima chaji," akasema. "Saa mbili ni vikombe sita, ukinywa kistaarabu."

"Vikombe sita kila saa mbili, Baba? Nitapima barabara saa ngapi?"

"Basi unywe maji."

Alikwenda nacho. Mwezi uliofuata alituma picha kwenye simu ya mama yake: amesimama kando ya mtambo wake wa miguu mitatu, madoa bado yapo mashavuni, hayajapungua wala kuongezeka, na kikombe cha bati kimening'inia kwenye mkanda wake. Bluu aliitazama picha ile kwa lenzi yangu muda mrefu, akasema shingo safari hii amepaka. Dada yangu alisema anachotaka kujua yeye ni vifungo vyake atavitia wapi.